Mtu wa Koti Ni Wako, Dada

Nairobi, Jumapili baada ya misa

Kwako yaya Riziki, dada yangu mkubwa na mlezi wangu,

Pokea salamu zangu, na safari hii pokea na za mtu wa pili, kwa maana ni wiki ya sita sasa siandiki tena peke yangu. Yuko hapa ubavuni mwangu anamenya viazi, na kila nikimaliza mistari miwili ananiuliza nimesema nini. Mmeamkaje nyote? Miguu ya Mama bado inavimba jioni? Baba anaendelea kwenda shambani Runingu, au barabara imefungwa tena? Huku redio inatuambia leo Uvira imetulia, kesho inasema watu wamevuka tena kwenda Burundi, nasi hatujui tushike lipi. Mama Mwajuma, yule muuza vitenge wa karibu na msikiti, alikuja kununua mzigo, naye ndiye anayekuletea barua hii. Aliniambia alikuona sokoni, umenenepa kidogo na unacheka. Nilimwomba arudie maneno hayo mara tatu.

Yaya, nina furaha mpaka naona aibu. Mke wangu anaitwa Nyota, ni binti wa Kalemie, alipita Kigoma kama mimi na kufika huku kabla yangu. Ana mwanya katika meno ya juu, na akicheka huweka mkono mdomoni, halafu anasahau na kuuondoa, na hapo ndipo mimi huacha kila ninachofanya. Unakumbuka mwalimu wetu wa Kifaransa alivyokuwa akitusomea habari za wapenzi, nami nikadhani watu wa vitabu wanatia chumvi? Sasa naona walipunguza. Pete zetu nilizisubu mwenyewe kwa bati la kazini. Zinaacha alama nyeusi kidoleni. Nilimwambia nitamtafutia nyingine, akakataa, akasema anataka hata akiivua watu wajue ilikuwapo. Niambie, yaya, mtu kama huyo unamfanyaje? Namtazama tu.

Katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba nafanya kazi kwa fundi mmoja, lakini sikusema fundi wa nini, maana niliogopa utacheka. Basi cheka. Anaitwa Mzee Gitau, na zamani alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Sasa amestaafu na anatengeneza watu wadogo, urefu wao kama kiungo kimoja cha kidole gumba. Anawauzia watu wazima wanaocheza vita juu ya meza. Wanatandika kitambaa, wanapanga vilima vya mbao, wanasogeza askari, wanarusha dadu, na askari aliyeshindwa anaondolewa. Sisi ile ya kweli tuliikimbia kwa miguu, na kuna watu wanaokaa Jumamosi nzima wakicheza ya kwao, kahawa pembeni. Siku ya kwanza nilipoona nilitaka kuondoka. Mzee hakuniuliza sababu. Alinipa donge la nta na kile kijiti cha chuma cha kuchongea meno, akaniambia nikae.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachonga mtu kwa nta, unamfunika kwa plasta mpaka ipatikane kalibu, kisha unamimina bati lililoyeyuka. Nyota ndiye anayepaka rangi, kwa brashi yenye nywele tatu. Hapo ndipo tulipokutana. Alikuwa anampaka askari macho, akaniambia nisipumue.

Mwanzoni tulikuwa tunaiga. Mzee alikuwa na sanduku la askari kutoka ng'ambo, nasi tuliwafunika kwa plasta na kutoa wenzao. Lakini bati likipoa hunywea kidogo, kwa hiyo nakala huwa fupi kuliko mwenye sura yake, na nakala ya nakala huwa fupi zaidi. Tulifika mahali mjukuu anamfikia babu yake kifuani. Mteja mmoja wa mbali aliwapima kofia, akamwandikia Mzee kwamba ile ni kazi ya mtu mwingine anayemfahamu, na kwamba hakutegemea hayo kutoka kwake. Mzee alikaa na ile barua siku nzima bila kula. Jioni alilifunga sanduku kwa kamba, akatuambia kuanzia siku hiyo kila kitakachotoka katika karakana yake kiwe kimezaliwa humo, na atakayemletea kazi ya mwingine na kusema ni yake, aondoke siku hiyohiyo. Nawe ujue, yaya, chumba tunachoishi kiko nyuma ya karakana. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha.

Nilihangaika. Kila niliyemchonga alitoka binamu wa wale wa sandukuni. Mzee alikuwa anawageuza mmoja mmoja na kusema, huyu nimemwona, na huyu nimemwona, huyu hata kofia hujambadilishia. Kisha wateja wakaomba watu wa kawaida, wanakijiji, kwa sababu kila fundi anachonga askari na hakuna anayechonga raia. Wiki ile ya harusi, kichwa changu kikiwa kwa Nyota na si kwenye nta, vidole vilijiendea vyenyewe. Alitoka mwanamume mwenye koti refu la mvua, ameinama kidogo mbele, anatazama chini, na pindo la koti limeshuka nyuma mpaka likagusa meza.

Mzee alimwinua, akamtazama chini ya miguu. Wale wengine wote, yaya, wanasimama juu ya kisahani, la sivyo wanaanguka. Huyu hakuwa na kisahani. Alisimama kwa miguu yake miwili na koti lake.

"Nani amekufundisha hivi?" akaniuliza.

"Minye mwenyewe," nikamjibu.

Alicheka ile "minye" yangu, maana wao husema mimi, akawa anaisema mchana kutwa kwa kila aliyeingia, lakini alikuwa amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema nichonge wengine tisa wa namna hiyo, wawe kumi. Na kwa kuwa hakuna kisahani cha kuandika jina la fundi, tutachora herufi moja tu chini ya pindo. Akaniuliza nataka ipi. Nikasema B, ya Bahati.

Wiki iliyopita Nyota alikuwa na huyo mtu wa koti mkononi, anapanga rangi atakazompaka akishakuwa wa bati, akamgeuza huku na huku na kuniuliza macho yake yako wapi. Nikamwambia hana, anatazama njia asijikwae. Akaniuliza, "Maneno hayo ni ya nani?" Nikafungua mdomo kujibu, na nilichosikia ni sauti yako.

Wakati ule tulipokuwa kwa mjomba Runingu, unakumbuka? Baba alibaki Uvira kulinda nyumba na hatukuwa na habari zake. Askari walikuwa wanapita barabarani, Amani na Noella walikuwa wadogo, na mjomba alitaka nyumba iwe kimya. Ulileta udongo wa shamba la mpunga chini ya nguo yako, ukawafinyangia watoto hao sanamu ndogo za watu wa nyumbani. Lakini sakafu ilikuwa na mabonde, na Baba wa udongo alikuwa anaanguka. Kila akianguka Noella anasema Baba amekufa, anaficha uso katika sketi yako na kulia bila sauti. Ulimwinua yule Baba wa udongo mara tano, mara sita. Kisha ulimkalisha mkononi, ukavuta pindo la koti lake nyuma mpaka likagusa chini, ukamwinamisha kichwa, ukamweka.

"Ona," ukamwambia Noella, "iko na miguu tatu sasa. Haanguke tena, anaangalia njia."

Na hakuanguka. Baadaye Mama wa udongo akapata pindo la kitenge, mjomba wa udongo akapata fimbo. Baba wa kweli alipofika wiki ya tatu, na koti lilelile limelowa mpaka kifuani, wale wa udongo tuliwaacha, nami nikawasahau. Nakuapia, yaya, nilisahau kabisa. Nilipomjibu Mzee sikujua kwamba nasema uongo.

Nilimweleza Nyota yote hayo. Akaiweka brashi chini. "Basi si wako," akasema.

Nilijitetea. Nikasema yule alikuwa wa udongo, huyu ni wa nta. Nikasema ulikuwa mchezo wa watoto, na mimi ndiye niliyechonga kwa mikono yangu.

"Na wale askari wa sandukuni, uliwaiga kwa mikono ya nani?"

Ndiyo hasira yetu ya kwanza tangu tuoane. Ilidumu mpaka ugali ulipoiva. Nyota alijua vizuri kuliko mimi kwamba tunaweza kulala nje kwa neno lake, na bado alilisema, kisha akanipakulia nyama kubwa. Nilimpenda zaidi, kama bado kulikuwa na nafasi ya kuongeza.

Asubuhi tulikwenda kwa Mzee sisi wawili. Nyota alikuwa amekwisha kufunga nguo zetu katika kitenge. Nikamwambia Mzee kila kitu, hata habari za Noella. Alivua miwani, akamchukua mtu wa koti, akamsimamisha kwenye kiganja chake, na mkono wake unatetemeka siku hizi, lakini mtu hakuanguka.

"Kumbe niliyemwajiri ni wewe," akasema, "na niliyekuwa namtafuta yuko Uvira."

Hakunifukuza. Alinirudisha kupiga tupa kingo za bati, kazi ya wanaoanza, na ninaifanya bila kinyongo. Herufi yangu ameikwangua. Kalibu haitafungwa mpaka neno lako lifike. Ukikubali, chini ya pindo itaandikwa R, na sehemu yako itakufikia kama ya fundi mwingine yeyote wa hapa. Nawe una haki ya kukataa. Huyo ni Baba, na ulimsimamisha kwa ajili ya Noella, si kwa ajili ya meza za watu wasiotujua. Nilimuuliza Mzee kama anaweza kuja mtu kurusha dadu na kumwondoa. Akanieleza kwamba raia hawapigwi katika mchezo ule. Anayewavusha mpaka ukingo wa pili wa meza ndiye anayeshinda. Nakuambia kama nilivyoambiwa, uamue mwenyewe. Ukisema hapana, nitaiyeyusha ile nta kwa mkono wangu na kukuandikia kwamba imekwisha, na nitabaki mdogo wako vilevile.

Nisalimie Mama, umwambie mkwe wake anajua kupika sombe ya majani ya muhogo, ila anatia mawese kidogo mno, tutamrekebisha. Nisalimie Baba, na usimweleze haya kabla hujaamua. Salamu kwa mjomba wa Runingu, kwa shangazi wa Makobola na dagaa zake ninazoziota, kwa Amani ambaye nasikia amenipita urefu, na kwa Noella. Noella muulize kama anakumbuka.

Neno moja limebaki, yaya, na ni la Nyota. Jana nilikuwa nawahesabu wale wa udongo. Alikuwepo Baba, Mama, mjomba, sisi wadogo watatu, shangazi na kikapu chake, bibi wa jirani, na yule mchungaji wa ng'ombe aliyeshuka kutoka milima ya Mulenge na fimbo yake. Wako tisa. Nyota akaniuliza, "Na dada yako alisimamaje?" Nilifumba macho kukutafuta, sikukuona. Ulitusimamisha sote, wewe hukujitengeneza. Hao tisa ninaweza kuwaiga ukiniruhusu. Wa kumi siwezi, maana hakuna pa kumwiga. Mfinyange wewe, mkaushe kivulini, mfukie katika pumba za mpunga ndani ya kopo la maziwa, na umpe Mama Mwajuma safari yake ijayo. Tunataka kuona wewe ulikuwa unaegemea nini.

Ni mimi mdogo wako, na sasa pia mume wa Nyota,

Bahati