Siku Nane za Sidi Ngala

Laini za Askari,
Njia ya Kakuyuni, Malindi.
1 Juni 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Laban,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii itakukuta umeketi nje, goti limepoa, na Mama amekukataza kwenda shambani peke yako. Sisi huku tu wazima wa mwili. Masika yametunyeshea vizuri mwaka huu na wajukuu zako wanakusalimu. Yule mdogo bado anauliza ni lini utakuja kumfundisha gwaride.

Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami hukubali kukatizwa. Haya nataka uyasome mpaka mwisho kabla hujanijibu. Nakuomba pia umsomee Mama mwenyewe, asije akayasikia sokoni.

Nilikwambia wakati wa Krismasi kwamba tumeletewa mkuu mpya wa gereza, Madam Abigael. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwavua wanyapara vyeo vyao. Wewe unawajua wanyapara tangu ukiwa kazini: wale wafungwa wakongwe tuliowapa uwezo wa kuwapanga wenzao, nani alale karibu na dirisha, nani afue, nani akae bila sabuni. Sisi tulikaa kivulini, bweni likajiendesha. Madam alisema kwamba bweni linalojiendesha ni bweni ambalo askari hajui kinachotendeka ndani yake. Akakataza pia wanawake kuchuchumaa watano watano wakati wa kuhesabiwa. Siku hizi wanasimama wima, wanaitwa kwa majina, wanaitika.

Tulinung'unika sana, na mimi nilikuwa mbele ya wote. Nilisema pale jikoni maneno yako yale yale, kwamba mfungwa ni namba, na ukishamwita kwa jina kesho atakuita shangazi. Wenzangu wakacheka. Madam hakujali. Mwezi wa Mei akatugawia wafungwa, kila askari kumi na wawili. Tulitakiwa kuketi na mmoja mmoja, tusome naye faili lake, tufahamu kwao na watoto wake, kisha tumpigie hesabu ya siku ya kutoka na kuiandika kwenye kadi ambayo atakaa nayo mwenyewe. Alisema mtu asiyejua siku yake ya kutoka hawezi kujipanga, na gereza lisiloijua siku hiyo halifai kuitwa gereza.

Katika kumi na wawili wangu alikuwamo Sidi Ngala. Ni Mgiriama wa Gede, umri wake miaka thelathini na minane, fundi wa kushona, si mtu wa kelele. Machi 2021 alihukumiwa miaka tisa kwa kumpiga shemeji yake kwa mpini wa jembe wakigombania mpaka wa shamba, jicho moja likapofuka. Hakuwahi kukana. Jumatatu tarehe 12 Mei niliketi naye kwenye benchi nje ya chumba cha kushonea, nikamsomea faili lake, nikamwambia kwamba akiondolewa theluthi kwa tabia njema atatoka Machi 2027.

Akaniambia kwa upole kwamba tarehe hiyo si yake. Alisema alikata rufaa, na Septemba 2023 aliketishwa mbele ya skrini katika chumba cha video ili asikie uamuzi. Akamsikia jaji akitamka "minne na nusu", kisha mtandao ukakatika na picha ikaganda. Askari wa zamu akamwambia angoje, karatasi italetwa. Basi akangoja. Nilimuuliza kwa nini hakusema, akajibu kwamba alisema. Alimwambia nyapara, nyapara akamwambia akafue mablanketi kwanza. Alimwambia askari wa faili, akajibiwa kwamba kila mfungwa ana jaji wake kichwani. Alipofika hapo aliacha kunitazama, akatazama mikono yake.

Mchana huo niliingia stoo ya faili. Nilikumbuka kwamba tuliwahi kuwa na Sidi Ngala wawili. Wa pili alikuwa wa huku Kakuyuni, mama mtu mzima aliyefungwa miezi sita kwa kuuza pombe haramu, akatoka Agosti 2023. Nililichomoa faili lake kwenye boksi la waliokwisha kwenda. Juu kabisa, kabla hata ya hati yake ya kutolewa, ilikuwapo karatasi ya mahakama yenye namba ya Sidi wa Gede. Kifungo kimepunguzwa kutoka miaka tisa hadi minne na nusu. Imegongwa muhuri wetu wa kupokelewa, tarehe 14 Septemba 2023.

Nilisoma mara tatu, Baba. Masikio yalinivuma kama mtu aliyepigwa kofi. Minne na nusu, ukiondoa theluthi, ni miaka mitatu kamili. Sidi Ngala alipaswa kwenda kwao Machi mwaka jana. Mwaka mzima na miezi miwili tumemwamsha kwa kengele, tumemhesabu asubuhi na jioni, tumempekua, tumemfungia mlango, na hana deni lolote kwa serikali. Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita nikiamini kwamba hata tukikosea mengine, hili la kufunga na kufungua kwa wakati tunaliweza. Niliketi juu ya maboksi.

Sidi alitoka Jumatano tarehe 21 Mei. Tangu siku hiyo Madam ameamuru kila faili lifunguliwe upya, na wameshaonekana wanawake wengine wawili waliozidishiwa muda, mmoja wiki tatu, mwingine siku arobaini. Tunatazamana kwenye korido kama watu waliotoka msibani.

Hapa ndipo nilipotaka kumalizia habari. Nimeandika barua hii mara mbili nikaikomesha hapa, na mara zote mbili nimeichana. Ukihesabu utaona kwamba karatasi niliiona tarehe 12, na Sidi akatoka tarehe 21. Wewe ni askari, ungeniuliza tu.

Saini iliyo chini ya ule muhuri ni yangu. Mwaka ule nilikuwa ofisi ya faili, na wewe mwenyewe ulifurahi nilipopelekwa huko, ukasema sasa nitapumzika na jua. Karatasi ililetwa Alhamisi, nikasoma jina, nikajisemea huyu si keshakwenda, nikaitia kwenye faili la yule mama wa Kakuyuni nikaenda kunywa chai. Sikuangalia namba. Nilikuwa nikijigamba kwamba mfungwa ni namba, na siku ya kuiangalia hiyo namba sikuiangalia. Na yule askari wa faili aliyemwambia Sidi kwamba kila mfungwa ana jaji wake kichwani ni mimi vilevile. Pale kwenye benchi alikuwa akinisimulia mimi habari zangu, na alijua.

Hilo lilikuwa kosa. Yaliyofuata hayakuwa kosa, niliyatenda nikijua. Niliikunja ile karatasi, nikaitia ndani ya shati la sare, nikaenda nayo nyumbani, nikaificha chini ya unga. Nilisema nitafikiri mpaka kesho. Kesho yake nikasema hivyo hivyo.

Alhamisi tarehe 15 nilikupigia simu. Nilikuuliza habari za mwenzangu mmoja aliyeona karatasi ya zamani inayoweza kumfukuzisha kazi, afanye nini. Ulicheka, ukasema karatasi iliyolala muda wote huo imeshakufa, aizike na afunge mdomo, kwamba katika utumishi wako wote hujaona askari aliyefukuzwa kwa karatasi isiyoonekana. Baba, hakuna mwenzangu. Ni mimi. Wala sikulaumu, kwa sababu nilikupigia wewe nikijua utasema hivyo. Nilitaka kusikia ruhusa kwa sauti ya mtu ninayemheshimu.

Jumamosi ikaja habari kwamba mama yake Sidi amefariki huko Gede, yule aliyekuwa akimlelea binti yake, Dama. Zamani tungemwambia pole na kumrudisha kwenye cherehani. Madam alihangaika na simu mpaka akapata kibali cha kumpeleka mazikoni Jumanne, na kwa kuwa ni mmoja wa kumi na wawili wangu, akanichagua mimi nimsindikize pamoja na dereva. Aliniagiza nimfunge pingu njiani tu, na tukifika nyumbani kwao nimfungue, amzike mama yake kama binadamu.

Sikumfungua. Pingu ilikuwa moja, mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia. Niliogopa atakimbia, maana akikimbia faili lake litafunguliwa. Fikiri Baba, nilimfunga mtu huru nikiogopa atatoroka. Wanawake walipoanza kulia alijaribu kuinua mikono yote miwili kichwani, na mkono wangu ukapanda pamoja na wake mbele ya watu wote. Alipoinama kuchukua udongo, niliinama naye. Kaka yake, Mwaringa, alinisogelea akaniomba kwa heshima nimwachilie japo dakika kumi. Nilimjibu kwamba ni amri.

Kisha Dama akaja. Ni msichana wa miaka kumi na minne, na sasa nyumbani hana mtu mzima wa kukaa naye. Alimshika mama yake ule mkono mwingine, akauliza:

"Mama, bado mingapi?"

"Bado kidogo, mwanangu. Miwili tu, haifiki."

Alisema hivyo akatabasamu ili mtoto asilie. Mimi nilikuwa karibu kiasi kwamba nilihisi mshipa wa mkono wake ukipiga kwenye chuma. Sijui nikueleze vipi. Nilidhani nitaanguka ndani ya lile kaburi.

Tuliporudi nilipita nyumbani, nikachimbua karatasi kwenye unga, nikaenda nayo moja kwa moja mpaka mezani kwa Madam Abigael. Nilimwambia yote, saini, unga, pingu. Alisoma bila kupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu, kwamba nimekaa nayo siku ngapi. Nikasema nane. Akafumba macho kidogo, kisha akashika simu kutafuta watu wa mahakama. Asubuhi walipothibitisha, nilimwomba anipumzishe, amwite askari mwingine ampe Sidi habari. Akakataa. Alisema, "Ni wako, Moraa. Utamwambia wewe."

Nilimwambia Sidi mbele ya Madam, nikiwa nimesimama, yeye ameketi. Hakupiga kelele. Aliuliza:

"Jana pale kaburini, ni nani aliyekuwa anajua?"

Nikasema ni mimi peke yangu, Madam hakujua. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia bei ya sukari. Akasema, "Mayo angeniona," yaani mama yake, kwa Kigiriama. Hakusema zaidi. Kisha akatoa ile kadi yake mfukoni, akaiweka mezani, akaniambia niandike tarehe yake, ile ya kweli. Niliandika Machi 2024. Akasema niweke na saini. Nikaweka. Akaikunja akaitia kifuani, akaomba nguo zake. Nilinyoosha mkono nimsaidie kubeba mfuko, akauhamishia upande wa pili. Mwaringa na Dama walikuwa wakimngoja langoni. Nimesikia ameshapata wakili, na hiyo kadi ndicho kitu cha kwanza alichomwonyesha. Vizuri. Mimi nimeambiwa nitaitwa shahidi, na huenda nikaitwa mshtakiwa, nami nitajibu yote mawili.

Nimesimamishwa kazi. Kamati itaketi Julai na nyumba hii ya laini tutaihama kabla ya hapo. Usitume mtu wa kunitetea, wala usimpigie yule rafiki yako wa makao makuu. Ukifanya hivyo nitamwambia Madam.

Baba, liko jambo moja lililobaki, na ndilo lililonifanya niandike leo nisingoje kamati. Nilipokuwa stoo nikitafuta lile faili, niliona kwenye rafu ya juu kabisa maboksi ya zamani, ya wakati gereza hili lilipokuwa la wanaume nawe ndiye karani wake. Mwandiko wako naujua, ndio nilioigiza nikiwa darasa la pili. Sikuyafungua. Lakini siku ile kwenye simu uliposema "karatasi isiyoonekana", ulisema upesi mno, kama mtu anayetaja kitu anachokijua mahali kilipo. Wiki ijayo wenzangu watafika kwenye rafu hiyo. Sikuulizi ili nikuhukumu, maana sina mahali pa kusimama nimhukumu mtu. Kama kuna jina la mfungwa ambaye karatasi yake uliizika, hata awe mzee sasa, hata awe ameshakufa, niandikie. Nataka nilisikie kutoka kwako kabla sijaambiwa na mtu mwingine.

Msalimie Mama, umwambie nala na nalala kiasi. Wasalimie wote wa hapo boma, na dada Nyaboke umwambie zawadi ya mtoto imefika. Nakupa mkono wa heshima ule ule niliokupa nikiwa mdogo, na nangoja bahasha yenye mwandiko wako.

Mimi binti yako,
Moraa