Sukari Chini ya Mstari

Jumamosi, 31 Agosti 1957

Mshahara leo. Baada ya chakula nimemkalisha Sekela mezani nikamsomea makisio. Ofisini kwetu kila kazi ina fungu lake, na fungu likiisha limeisha, hata Bwana Mkubwa haongezi senti. Nyumba hii nayo itakwenda hivyo. Chakula shilingi sabini kwa mwezi – basi. Mwezi huu tumekula sabini na tisa na thumuni! Na tuko watatu tu: mimi, mke wangu, na Yudith, ambaye ana miaka mitano na hushiba kwa matonge manne. Nimeyahesabu.

Shilingi ishirini za kila mwezi ni za masomo yangu ya posta. Nikifaulu mtihani napanda daraja. Sitaki kuzeekea ukarani wa daraja la tatu kwa ajili ya sukari.

Sekela kasema, "Sawa, Baba Yudith." Upesi mno. Anayekubali upesi hivyo ana lake moyoni.

Jumatatu, 2 Septemba

Dukani kwa Nizar. Mchele wa Usangu ratili kumi na mbili, unga, maharage, chumvi, mafuta ya taa, sukari ratili nne. Vyote vimeandikwa kwenye kitabu cha duka. Ndivyo tunavyonunua: Sekela huchukua, Nizar huandika, mimi hulipa mwisho wa mwezi. Utaratibu mzuri kwa mtu anayetaka kuniibia.

Nimemwona Nizar akiigusa mizani kwa kidole. Nikamwambia akiondoe. Kasema, "Bwana Karani, miaka mitatu unanunua kwangu, leo ndiyo unaona kidole?" Hilo si jibu.

Nyumbani, Sekela alipokwenda kuteka maji, nimechora mstari wa penseli ndani ya kopo, pale sukari ilipofika. Hajui. Tutaona.

Jumatano, 4 Septemba

Barua ya kaka Abrahamu kutoka Tukuyu, imekaa njiani majuma matatu. Macho ya baba yamezimika, anataka kwenda kutibiwa, nifikirie.

Nimefikiria. Nilipokuwa na miaka kumi na saba baba aliwachukua ng'ombe wa ada yangu akaoa mke wa tatu, na mimi nikatolewa shule. Miaka minne sasa sijamwandikia. Aliyekula ng'ombe wangu hatakula na mshahara wangu. Barua nimeitia kwenye mtoto wa meza, chini ya wino.

Sekela hakuuliza imesema nini. Kwetu Unyakyusani mke hamtaji baba wa mumewe kwa jina wala hasimami mbele yake – miaka saba tumeoana na hawajaonana uso. Vizuri. Humu ndani tuko wawili tusiomtaja.

Jumamosi, 7 Septemba

Sukari iko vidole viwili chini ya mstari! Siku tano!

Kwanza nilimshuku Nizar. Nimenunua ratili moja nyingine, nikaenda nayo posta kabla hawajafunga, nikamwomba karani wa dirishani aipime kwenye mizani ya vifurushi. Akaniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia haiendi popote. Ratili kamili – pamoja na karatasi. Kwa hiyo Nizar anatuuzia karatasi kwa bei ya sukari, hilo nimeliandika, lakini karatasi si vidole viwili.

Basi ni humu ndani.

Jumanne, 10 Septemba

Ugali na maharage, siku ya tatu mfululizo. Lakini kwenye kona ya jiko nimeona maganda ya ndizi za kupika. Ndizi! Iringa hapa zinaletwa na malori kutoka kwetu, bei yake mtu ananunua kwa sikukuu. Mimi sijazila. Yudith hajazila, nimemwuliza kwa hila.

Nikamwuliza Sekela ndizi zimekwenda wapi.

"Zimeliwa."

"Na nani?"

"Na mwenye njaa," kasema, akaendelea kupepeta mchele.

Jumatano, 11 Septemba

Leo saa sita nimetoka ofisini nikisingizia nimesahau miwani. Nilipokunja kona, Evarista jirani yetu, yule Mhehe mwenye bustani huko chini Ipogolo, alikuwa anatoka uani kwetu na kikapu kimefunikwa kitambaa. "Kamwene, Baba Yudith," kaniamkia, akapita mbio. Mwanamke huyu husimama kwa maneno hata kwenye mvua. Leo mbio.

Nimeingia, nikatazama kabati. Bakuli letu la bati lenye ukingo wa buluu halipo. Jioni lipo, limeoshwa, limepinduliwa.

Nimeanza kuelewa na sipendi ninachokielewa.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekisoma kitabu cha duka mstari kwa mstari. Tarehe sita – ugoro, senti kumi. Tarehe kumi na mbili – ugoro, senti kumi.

Mimi sinusi ugoro. Sekela hanusi. Nimemwendea Nizar. Kanitazama kwa huruma, na huruma yake imenichoma kuliko mizani yake. "Mama mwenyewe amechukua. Kasema nimpe ule mkali."

Ni mwanamume, basi. Ananusa ugoro mkali, anapenda ndizi, anatia sukari nyingi, na ninamlisha mimi.

Tena – barua ya Abrahamu imehama. Niliiweka chini ya chupa ya wino. Leo iko juu. Anapekua hata meza yangu. Anatafuta nini, akiba yangu ya masomo? Akiba nimeihamishia ofisini.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimemwuliza. Nilimtuma Yudith kwa jirani kucheza, nikaweka kitabu cha duka mezani, nikaweka kidole kwenye ugoro.

"Huu ni wa nani?"

Nikamwambia najua habari za bakuli. Akashtuka, akakaa chini.

"Sikuiba, Baba Yudith. Yote yameandikwa humo, na sabini yako sijaipita. Najipunguzia mimi."

Kweli amekonda. Nimeliona hilo sasa, na limenitia hasira zaidi: anajinyima kwa ajili yake!

"Nimekuuliza ni nani. Mtaje."

"Siwezi kumtaja."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Wewe mwenyewe unajua siwezi." Akaanza kulia. "Nenda ukaone kwa macho yako."

Sikwenda. Mtu mzima na kazi ya serikali, niende kumchungulia hawara wa mke wangu? Nikaisukuma meza, chai ikamwagika kwenye kitabu.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemwandikia baba yake Sekela, Mwalimu Saulo, huko Tukuyu. Kurasa mbili. Kwamba binti yake anamlisha mwanamume kwa siri katika mji huu, kwamba nimemwuliza jina akakataa, na kwamba aje amchukue na tuzungumze habari za ng'ombe wa mahari. Nisionekane mzushi, nimeorodhesha kila kitu na tarehe zake. Nimeitia kwenye sanduku la posta saa mbili kasoro dakika tano. Ilipoanguka ndani nilisikia mlio wake.

Alhamisi, 19 Septemba

Sukari vidole vinne. Sisemi neno. Namngoja baba yake.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo nimeona.

Niliomba ruhusa mapema nikasema tumbo. Nikajibanza nyuma ya duka la mshonaji mpaka Evarista akatoka na kikapu, nikamfuata kwa mbali. Njia yote ya mteremko mpaka Ipogolo nilikuwa natunga maneno nitakayomwambia huyo bwana. Nilikuwa nayo mengi na makali.

Evarista akaingia kwenye ua wa Jailos, fundi mwashi wa kwetu. Ni mseja, mchana kutwa yuko kazini. Nikasema moyoni, kumbe Jailos! Nikachungulia penye ua.

Mzee ameketi kivulini kwenye mkeka, kitambaa cheupe kimefungwa machoni, miguu ameinyoosha. Evarista akamwekea bakuli mikononi. Mzee akapapasa ukingo, akatia kidole, akaonja.

Ni baba.

"Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa. Halafu kwa Kiswahili chake kile kibovu: "Mwambie mwanangu, leo ndizi zimelainika vizuri. Mwambie daktari anasema kitambaa atatoa wiki ijayo. Nikiona, nitapanda huko juu mwenyewe, nimwombe radhi ya ng'ombe."

Evarista akasema, "Nitamwambia, Mzee Asukile. Mwanao anakusalimu. Kasema ule ushibe."

Mimi sijatuma salamu kwa mtu yeyote. Niliondoka kwa kunyata, na kwenye mlima nikakaa juu ya jiwe kando ya njia mpaka kola yangu ikalowa. Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma.

Nimerudi kurasa za nyuma. Tarehe nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe: mke hamtaji baba wa mumewe. Mnyakyusa mimi, mtoto wa Mnyakyusa, mwanamke wa kwetu ananiambia kuna mwanamume hawezi kumtaja, nami nikafikiri hawara!

Jumapili, 22 Septemba

Tulipotoka kanisani nimemwambia Sekela, "Jana nilishuka Ipogolo."

"Umemsalimu?"

"Hapana."

"Basi bado hujashuka," kasema.

Baadaye kanieleza, bila kutaja jina, akiniangalia mikono tu. Jailos alimwambia Evarista kwamba kwake amefikia mzee wa Tukuyu aliyepasuliwa macho, anaona haya kuja kwa mwanawe, analala na njaa. Evarista alipomwambia, Sekela akaisoma barua ya Abrahamu ndipo akawa na hakika. "Angejua chakula ni changu, nawe huna habari, asingekula. Nikasema kimetoka kwako."

Habari ya barua yangu kwa Saulo sikumwambia.

Jumatatu, 23 Septemba

Posta kabla haijafunguliwa. Mfuko wa Mbeya na Tukuyu uliondoka Jumatano. Karani yule wa sukari kaniuliza kama barua ilikuwa na fedha. Nikasema haina. Nimepeleka telegramu: BARUA NI KOSA USIJE. Shilingi tatu, nje ya makisio yote.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemleta baba nyumbani. Nilimshika mkono mlima mzima, tulipumzika mara tano. Hakushangaa. "Leo umekuja mwenyewe," kasema. Nilikuwa nimeandaa kumwambia ukweli wa bakuli, lakini alikuwa ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Nyumba ni vyumba viwili na jiko la uani. Sekela amehamia jikoni kabisa, anapita mlango wa nyuma, asikutane na baba ijapokuwa haoni. Chakula ananipa dirishani, nampelekea mimi. Kitabu cha duka: sitini na nane na senti themanini, na mwezi haujaisha. Tutapita sabini. Nimeufuta mstari kwenye kopo kwa kidole kilicholowa, lakini alama imebaki.

Jioni jibu la telegramu limefika, kutoka kwa mama mkwe Damari: SAULO AMEONDOKA JANA.

Alhamisi, 26 Septemba

Saa saba mchana. Naandika chumbani, mlango nimeurudisha.

Nilikwenda kumngoja Saulo kituoni nimwombe radhi njiani, kumbe lori lake limefika mapema, amepita njia nyingine. Nilimkuta ndani, vumbi mpaka kwenye kope, anasalimiana na baba. Wanaulizana habari za mvua za Rungwe kama wakwe wanavyoulizana. Barua yangu imo kwenye mfuko wa koti lake, pembe ya bahasha naiona. Kaninong'oneza, chakula kwanza, maneno baadaye.

Sekela yuko jikoni. Hajui baba yake amefuata nini. Anafurahi, amefunga kitambaa kile cha kanisani. Kanipa bakuli dirishani: wali, ndizi, na nyama ratili nzima. Sikuuliza bei. Nimesema naja, nikaliingiza huku chumbani badala ya kulipeleka. Liko mezani karibu na wino, linapoa.

Saulo hakungoja chakula. Namsikia. Anasema polepole, kama anavyosoma kanisani.

"Mzee mwenzangu, nisaidie. Mwanao kaniandikia kwamba binti yangu anamlisha mwanamume kwa siri katika mji huu. Nimekuja siku tatu njiani kwa ajili ya aibu hiyo. Wewe uko humu nyumbani. Umesikia nini?"

Halafu baba: "Anamlisha nini?"

Karatasi inakunjuliwa. Saulo anasoma mwandiko wangu, tarehe kwa tarehe. Sukari. Ndizi. Chakula, kwenye bakuli la bati lenye ukingo wa buluu. Ugoro, ule mkali.

Kiti kimelia. Baba amesimama. Anauliza barua hiyo imeandikwa lini, na Saulo anamtajia tarehe kumi na saba, alipokuwa bado akila Ipogolo kwa jina langu.

"Lutengano," baba ananiita. "Lutengano, njoo hapa."