Mashuka ya Masika

Mama,

Shikamoo. Masika imekwisha. Leo nimetoa magodoro yote matatu uani, nimeyapiga fimbo mpaka jirani akaniuliza nimegombana na nani. Nikaona nikae nikuandikie.

Baada ya arobaini yako, Kaka Salimu alitaka vyumba vya wageni vifungwe, nyumba apangishwe mfanyabiashara aweke magunia yake ya mbata, nazi zake kavu. Alisema wageni walikuwa wako, si wa nyumba. Kilichoniuma ni kwamba niliona anasema kweli. Nikamwomba anipe masika hii moja tu, nijaribu. Akakubali, shingo upande.

Mama, ulikuwa mwanamke wa ajabu, sasa naweza kukuambia bila haya. Mgeni akiondoka alfajiri kuwahi gari moshi, adhuhuri mashuka yake yameshafuliwa, yametiwa buluu, yako kambani. Ulinusa kila foronya kabla ya kuitandika. Ulikuwa ukisema, "Shuka lisiloona jua halimgusi mgeni wangu." Mimi nikakucheka, nikakuita bibi afya.

Basi akaja mwalimu mmoja wa Lushoto na mkewe, wamemleta mtoto wao kutibiwa macho. Ilikuwa siku ya nne jua halijaonekana, mashuka yote ya nyumba yalikuwa mabichi. Nikajifanya mjanja: nikayapiga pasi ya makaa mpaka yakafuka mvuke, nikatandika. Mkononi yalikuwa makavu. Asubuhi nikayakuta yamekunjwa vizuri pembeni, yananuka uvundo, na wenyewe wamelalia kanga za mke wa mwalimu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nikaenda chumbani kwako nitafute mashuka yako niwape. Nikafungua sanduku. Kanga zipo, buibui lipo, shuka hata moja hamna. Yote uliyatia kwenye zamu ya wageni, na sisi hatukujua. Kila masika ulilala juu ya mkeka mtupu ukatuambia mgongo ndivyo unavyotaka. Mgongo gani, mama? Na mimi nikakuchua kwa mafuta ya nazi, nawe ukaguna kama mgonjwa kweli. Nilikaa sakafuni nikalia, huku nacheka.

Nilikuwa na mashuka mawili niliyoyatunzia harusi yangu, yaliyoanikwa kabla ya mvua. Nikayatoa. Nikamwomba radhi mke wa mwalimu, nikamtandikia mwenyewe, pembe zimekazwa unavyopenda. Walikaa wiki nzima.

Siku waliyoondoka, Kaka akaja kutaka jibu. Akamkuta yule mama mlangoni na mtoto mgongoni, naye akamwagiza kwa upole, kama ndiye mwenye nyumba: "Tutarudi baada ya mavuno, kaka. Mtuwekee chumba kile kile."

Kaka akapita ndani. Jua lilikuwa limetoka, nami nilikuwa uani nahangaika kukunja shuka peke yangu, ncha inaburura chini. Tangu ufe sikuwa na wa kunishikia upande wa pili. Kaka akavua kofia, akaiweka juu ya kiti, akashika pembe mbili, akavuta. Anakunja vibaya, mama, lakini nilimwacha. Tulikunja yote sita, na mbata hakuzitaja tena.

Kwaheri, mama yangu. Mungu akulaze pema, pakavu, penye harufu ya jua. Nakuahidi, maadamu ningali hai, mlango huu haufungiwi mgeni.

Mwanao,
Zuhura