Yule Mama wa Sura ya Nne

Jumatatu, 6 Mei
Nasahihisha insha za kidato cha tatu. Swali lilelile la kila mwaka: onesha kwamba kijana wa kwenye riwaya ni mtoto mwema kwa mama yake. Wote wameandika kitu kimoja. Alimtoa kijijini, akampa chumba chenye umeme. Maneno yangu mwenyewe ya ubaoni. Yanachosha.
Kaka Deusi kapiga simu kutoka Mbeya. Jumamosi anakuja na gari kumchukua mama kijijini Mwazye. Tangu mama ateleze kisimani akateguka mkono, tumekubaliana ahamie kwangu hapa Sumbawanga. Chumba kiko tayari. Nimefurahi.

Jumanne, 7 Mei
Nimeanza kuisoma tena ile riwaya. Miaka yote hii nafundisha kwa kukumbuka tu.
Mara ya kwanza niliisoma nikiwa mwanafunzi, bwenini Kaengesa, nikalia. Nilitaka kuolewa na mtu kama yule kijana. Nilipoanza kazi niliiona nyepesi, mwandishi anahubiri mno. Leo nimekwama sura ya nne. Vyombo vinapakiwa, kuku wanagawiwa majirani. Mama kakaa kwenye kigoda, hasemi neno. Nimerudi nyuma kutafuta mahali alipoulizwa kama anataka kuhama. Hakuna.
Kijana simpendi tena. Najiona kama niliyedanganywa. Ila kitabu ni kilekile.

Alhamisi, 9 Mei
Kwetu nani alimuuliza mama? Nilidhani Deusi. Nimempigia. Yeye alidhani mimi.
"Sasa Yasinta, mtu unamsaidia halafu unamwomba ruhusa?" kasema. "Gari nimeshapata."
Nina hasira naye, na mimi ni walewale.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeomba ruhusa kazini. Gari hadi Matai, kisha bodaboda. Mama nimemkuta anapeta maharage, mkono mmoja ukimsumbua. Nilishindwa kumuuliza moja kwa moja. Nikatoa kitabu, nikamsomea sura ya nne, mahali pengine nikitafsiri kwa Kifipa chetu. Hakuacha kupeta.
"Huyo mama mbona hasemi?"
"Hakuulizwa, mama."
"Hata kama. Mdomo si wake?"
Akapuliza makapi. Kisha akasema, "Na mimi mnanichukua kesho. Nimesikia kwa majirani."
"Unataka kuja?"
"Nina ulezi shambani. Nikishavuna nitakuja kuwaona. Kuwaona, siyo kuhamia."
Nilikuja nikimhurumia. Hakuhitaji.

Jumamosi, 11 Mei
Deusi kafika. Mama kamwambia yaleyale, akimtazama usoni. Deusi kabisha, kapandisha sauti, kisha kaondoka bila kula. Nimerudi naye mjini; kwenye gari kaniambia nimemjaza mama maneno. "Akianguka tena, ni wewe."
Anaweza kuwa sahihi. Naogopa. Jirani, mama Anyesi, kakubali kumchotea maji. Haitoshi, najua.

Jumatano, 15 Mei
Nimelifuta lile swali. Nimewauliza darasani: yule mama anawaza nini pale kwenye kigoda? Wote wakasema kwa mpigo, kila mmoja na lake. Msichana mmoja anamwona ana kiburi. Mwingine anasema anamwogopa mwanawe. Walisubiri niwaandikie jibu ubaoni. Sikuandika.
Mimi namwona kaonewa. Mama yangu anamwona mvivu wa kusema. Nikifika umri wa mama sijui nitamwonaje. Zamani ningejibu haraka.

Jumapili, 2 Juni
Mwazye. Baada ya misa tumekaa nje, jua la baridi, upepo mkali kidogo. Ulezi umeiva, kesho watu watakuja kusaidia kukata. Mkono wa mama bado haujanyooka vizuri. Hataki niutaje.
Deusi alipiga. Kaongea na mama kwa muda mrefu, juu ya watoto, juu ya mvua. Mimi hakuniulizia. Mama kanipa simu hata hivyo. Tukasalimiana. Kauliza kama mama anakula vizuri. Nikasema anakula. Basi.
Mama kasema nikija tena nimletee kitabu kingine, chenye watu wanaoongea. Nimekubali. Sasa kasinzia kwenye mkeka, kitenge kimemfunika hadi kidevuni.