Moto wa Begani kwa Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijavunja uchumba wangu kwa sababu ya kitambaa kisichozidi kiganja. Mimi ni mwalimu wa historia, na hukusanya beji za kitambaa zilizoshonwa begani kwenye sare za kijeshi za zamani, kila moja naiweka kwenye fremu pamoja na kikadi cha maelezo, na sijawahi kuandika neno nisiloweza kulithibitisha. Sasa baba wa mchumba wangu, mwanajeshi mstaafu, amenizawadia beji yake mbele ya familia nzima, akasimulia alivyoruka na mwavuli kutoka kwenye ndege, akagusa mwali wa moto uliotariziwa katikati na kusema, "Huu ni moto tuliopitia, mkwe wangu, na haya ni mabawa yetu, andika hivyo," nami nikaigeuza kukagua mshono kama tufanyavyo wakusanyaji, nikairudisha upande wa mbele, nikaona kwamba mabawa ni masuke ya ngano, beji ni ya kikosi cha waoka mikate, na moto ule ni wa tanuri. Mama mkwe akasema tu, "Mzee, shuka basi, chai inapoa." Mchumba wangu nilipomweleza alinuna na kuniuliza, "Unaolewa na mimi au na bega la baba?", na Jumapili wanakuja kuiona ukutani. Niandike uongo, au nimwaibishe mzee?

Mwenye Kikadi Kitupu

Binti yangu, pole, ila vuta pumzi, maana barua yako imenichosha hata mimi niliyekaa. Umekagua mshono ukasahau kumkagua mama mkwe. Anayesema "shuka basi" ameishi na mwavuli huo miaka yote, na bado anamimina chai. Halafu unataja waoka mikate kana kwamba unataja ugonjwa. Jeshi lilikula nini, mabawa?

Uongo usiandike, hapo niko nawe. Lakini kusahihisha pia hukuombwa. Leo hii mpigie mchumba wako umtake radhi, umwambie unaolewa naye, mabega yote mawili. Jumapili mpe mzee kikadi na kalamu: "Baba, beji ni yako, andika kwa mkono wako." Akiandika mwavuli, hayo ni maneno yake, weka ndani ya fremu na utundike. Akiandika mikate, mshukuru vilevile, na asijue kamwe kwamba ulikuwa unajua.