Ng'ombe Watano wa Digrii

Runazi,
Biharamulo, Kagera.
24 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Rozina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ifakara, wewe na watoto, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa kupandikiza mpunga sasa umepoa. Sisi huku tu wazima. Mahindi tumevuna ya kutosha, mihogo ipo shambani, na Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, lakini si jambo la kutisha.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Shangazi, haya hayasemeki kwenye simu, ningemaliza vocha nikiwa bado naguna. Jirani yetu Domisiana anapanda basi Nyakanazi kwenda kwa mwanawe huko kwenu, ndiye niliyempa.

Alfonce wangu, yule wa Murusagamba niliyesoma naye hesabu chuoni, alileta wazee wake Jumamosi ya wiki iliyopita kuzungumza mahari. Baba alishatamba kijiji kizima kwamba mimi Kezia si binti wa bei ya kawaida, ni mwalimu wa hesabu mwenye ajira ya Serikali, kwa hiyo juu ya ng'ombe wa desturi atadai na wengine watano wa digrii. Ndiyo, watano wa digrii, ndivyo alivyowaita.

Mimi na Mama tulikuwa jikoni, maana anayeolewa haingii kwenye kikao. Lakini jiko letu unalijua, ukuta wake na wa sebuleni ni mmoja, na tulisikia yote. Mzee Juvenali, msemaji wa akina Alfonce, aliusifu wali, akamsifu Baba, akanisifu na mimi. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Binti tumempenda. Ila ng'ombe wa digrii mmewahesabu, deni la digrii mbona hamjalitaja?"

Shangazi, nikaweka sikio ukutani.

Baba akauliza, "Deni gani?" Wala hakuwa anaigiza. Miaka yote hii aliamini ule mkopo wa chuo ni zawadi wanayopewa watoto waliofaulu. Mama akanitazama kama mtu aliyegundua binti yake ana mimba. Ikabidi nimnong'oneze palepale kwamba nadaiwa milioni kumi na nne, kwamba asilimia kumi na tano ya mshahara inakatwa kabla sijaushika, na kwa mwendo huo nitamaliza baada ya karibu miaka kumi. Mama akakaa juu ya gunia la maharage.

Mimi mwenyewe deni langu halinitishi. Nilishalipima. Mshahara wa mwalimu mwenye digrii ya hesabu, hata baada ya makato, ni mkubwa kuliko wanachopata wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne, na siku deni likiisha mshahara utabaki. Ukiniuliza kama ilifaa kusoma, nitakujibu ilifaa sana. Ila hesabu hiyo ni ya mtu aliyepata ajira, na hilo sikulitilia maanani mpaka siku ile.

Baba mdogo Jeremia, ambaye mdomo wake unaujua, hakukubali kushindwa. Akauliza, "Na huyu kijana wenu, yeye alisomeshwa na nani?" Alfonce alikuwa amekaa na wazee wake, hajafungua kinywa tangu salamu. Mimi huku jikoni nikatabasamu, maana jibu nilikuwa nalo. Tangu mwaka wa kwanza aliniambia ada analipiwa na mjomba wake. Kisha nikasikia sauti yake, "Na mimi nadaiwa. Milioni kumi na saba."

Mungu wangu! Kumi na saba! Na ajira hana, anafundisha tuisheni Nyakanazi na kushika mahesabu ya gesti moja. Hajalipa hata senti.

Nilijua kikao kimevunjika. Wapi! Wazee walinong'onezana, wakacheka, wakakubaliana kwamba kwa kuwa kila upande una deni, basi madeni yamefutana, na ng'ombe watano wa digrii warudi kwenye mahari. Ndivyo wanavyofanya kwenye mifugo: unanidai mtamba, nakudai mtamba, tunaachiana. Lakini hawa hawadaiani wao kwa wao! Kumi na nne ukijumlisha na kumi na saba, kwao jibu ni sifuri, na wakapeana mikono. Mimi mwalimu wa hesabu nimekaa nyuma ya ukuta, siruhusiwi hata kukohoa.

Wageni walipoondoka nilimweleza Baba kwamba milioni zote thelathini na moja zitaingia nyumba moja, yaani yangu. Alishika kichwa. Halafu akasema, "Basi sema wewe. Ukikataa, nitawarudishia neno lao." Hajawahi kuniambia hivyo tangu nizaliwe, na sijui kati ya mambo yote ya siku ile lipi lilinishtua zaidi.

Alfonce alirudi kesho yake, peke yake. Nilimfokea, Shangazi, sikumbakizia kitu. Nikamuuliza kwa nini amenidanganya miaka yote hii. Akasema, "Niliogopa ungenipigia hesabu." Na ni kweli, ningempigia.

Basi wiki hii nimeipiga. Nimeweka mshahara wangu na makato yake, tuisheni yake, kodi ya nyumba, chakula, na hata miaka anayoweza kukaa bila ajira. Nimeigeuza kwa kila njia ninayoijua, na jibu ni lile lile: nisiolewe.

Leo tulipotoka kanisani Baba akaniuliza. Nimemwambia apokee ng'ombe. Bado najishangaa.

Wasalimie sana Frednand na Adelfina, na umwambie Priscila nimefurahi kusikia amejifungua salama. Baba na Mama wanakusalimu, na baba mdogo Jeremia anasema uje mwenyewe kumchukua ng'ombe wako wa shangazi. Mungu akulinde, akuponye mguu, akufikishe kwenye harusi yangu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Kezia Mayunga