Swali la Megabaiti Mia Saba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na ile dawa ya kuchua umeinunua, si kuahidi tu. Mama msalimie sana, mwambie kikohozi changu kimekwisha. Mimi ni mzima. Wiki hii tunavuta faiba, nyaya za intaneti, kwenye jengo la ghorofa lenye ngazi nyembamba, magoti yananiwaka moto. Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili ile simu zangu hupokei, na mtu aliyezeekea kwenye mitambo ya simu akikataa kupokea simu, basi amekasirika kwelikweli. Nami nimekasirika, Baba. Tuko sawa.

Mgeni wangu, fundi makochi, hata soda alikuwa hajaimaliza ulipomwonyesha modemu yako ya zamani pale kabatini, ukamtupia swali unalomtupia kila mwanamume anayekuja kwa ajili ya binti zako. Filamu ya megabaiti mia saba, kwa faiba ya megabiti mia moja kwa sekunde, inashuka kabla dakika haijaisha. Je, kwa modemu yako ya kilobiti hamsini na sita ingechukua muda gani? Ukampa karatasi na kalamu, ukawasha redio.

Alihangaika weee, jasho likamtoka, mwisho akasema saa tatu na nusu. Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Ukamweleza kwamba baiti moja ni biti nane, kwamba faili hupimwa kwa baiti na waya kwa biti, kwa hiyo asipozidisha kwa nane amepotea mara nane. Jibu ni siku nzima na karibu saa nne juu yake. Hapo ulikuwa sahihi, sibishi. Ila hukuishia hapo. Ulisema asiyejua tofauti ya biti na baiti hawezi kujua tofauti ya mke na kochi, na kwamba binti yako hataolewa na mtu wa kushona viti. Akakushukuru kwa soda, akatoka. Mimi nilibaki nikiitazama glasi yake, nikiona aibu kwa niaba yako.

Sasa naomba unisikilize. Shemeji, mume wa dada, alilijibu swali hilohilo bila hata kushika kalamu, ukamkumbatia mbele ya majirani. Hesabu zake ni safi mpaka leo. Lakini dada anapokuja kwangu na begi, macho yamevimba, bingwa wako hapigi hata simu kuuliza kama amefika. Wewe unajua na Mama anajua, ila kwa kuwa alizidisha kwa nane, hakuna anayethubutu kumgusa. Mimi nilipoanguka kazini mwaka jana, fundi makochi alifunga karakana akaja kunipikia supu. Ilikuwa chumvi tupu. Niliinywa yote.

Najua utasema mapenzi yamenipofusha. Baba, mimi nazidisha na kugawa kwa nane kila siku. Wateja wananifokea kwamba wamelipia megabiti mia wanaona megabaiti kumi na mbili, nami nawaeleza taratibu, kama ulivyonieleza nikiwa mdogo. Sijasema hesabu haina maana. Nasema sikuzaliwa niwe zawadi ya mshindi wa chemsha bongo.

Tena kuna jambo hulijui. Jibu nilimpa mimi. Kabla hatujaja kwako nilimfundisha hatua zote, mpaka ile siku moja na karibu saa nne, nikamwambia akariri tupite salama. Kwa hiyo aliposema saa tatu na nusu, nilidhani woga umemfuta akili, na tulipotoka nilimgombeza barabara nzima. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia alilikumbuka jibu lote, ila ulipompa kalamu ulimtazama usoni, na hakutaka kuanza ukwe kwa kumdanganya mzee wa watu. Akapiga hesabu kwa kichwa chake mwenyewe, akakosea kwa kichwa chake mwenyewe. Aliyetaka kukudanganya ni mwanao. Aliyekataa ni huyo uliyemcheka.

Tumeoana jana kwa msajili, dada akiwa shahidi. Siandiki kuomba ruhusa. Radhi yako naitaka, naitaka sana, na inaniuma kuwa bado sina, lakini mume wangu hafanyi mtihani tena kwa mtu yeyote. Jumapili mchana tutakuja wote wawili. Ukifungua mlango, tutaingia kama watoto wako. Usipofungua, tutarudi kwetu, na Jumapili inayofuata tutakuja tena.

Jichunge na baridi, Baba, na umkumbatie Mama kwa ajili yangu.

Mimi kitinda mimba wako,
mke wa fundi makochi